Ndege ya Nani Hiyo? Vita vya Kagera na Ulinzi wa Anga

Mwishoni mwa Machi 1979, JWTZ, jeshi la Tanzania, likiwa limeikaribia Kampala, mji mkuu wa Uganda, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa Mwanza kulipua matangi ya mafuta. Muammar Gaddafi, kiongozi wa Libya, alikuwa ameamua kumwokoa Idi Amin, mtawala wa Uganda. Silaha za ndege hiyo ziliukosa mji zikaangukia Saanane, kisiwa cha hifadhi kando ya mji, zikaua swala na ndege wa porini. Siku chache baadaye ndege za Tanzania zilijibu kwa kupiga Kampala, Jinja na Tororo.

Kisa cha swala wa Saanane husimuliwa kwa kicheko, lakini kwa maoni yangu Mwanza iliokolewa na shabaha mbovu. Kutoka Bukoba, mji uliokwisha kuonja mabomu ya Amin tangu Oktoba 1978, hadi Mwanza ni kama kilomita 180 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya kilomita 900 kwa saa huzimaliza kwa dakika 12. Katika dakika hizo mtu aione, aripoti kwa simu ya upepo, ofisa aamue ni ya nani, amri ishuke hadi kwenye mizinga na wapigaji wageuze mitutu. Kupokezana habari huko ndiko kiini cha ulinzi wa anga.

Msomaji wa Gehandu, huku Mbulu na Hanang, atauliza kwa nini rada isimalize kazi. Mawimbi ya rada husafiri karibu na mstari ulionyooka. Hata kwenye uwanda mtupu, rada iliyo chini huanza kuiona ndege iliyo mita 100 juu ya ardhi ikiwa imebaki kama kilomita 40, yaani chini ya dakika tatu. Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400. Rubani akijibanza nyuma yake, rada ya upande wa pili haina habari naye. Ndiyo maana rada moja haitoshi, na rada nyingi zisizozungumza ni sawa na moja.

Waingereza walilijua hilo kabla ya 1940. Rada zao za pwani zilitazama baharini tu. Ndege ya Ujerumani ikishavuka ufuko, ilifuatiliwa na raia wenye darubini na simu. Habari za rada zilipelekwa Bentley Priory, makao ya Hugh Dowding, kamanda wa ndege za kivita za Uingereza, zikachujwa ili kundi moja la ndege lisihesabiwe mara mbili, kisha zikawekwa kwenye ramani kubwa ya mezani na kusambazwa kwa makamanda. Ujerumani nayo ilikuwa na rada nzuri. Tofauti ilikuwa kwenye ile meza na zile simu.

Turudi kwenye Vita vya Kagera. Tanzania ilikwenda vitani na mizinga ya kutungulia ndege pamoja na makombora ya begani ya Kisovieti, SA-7, ambayo askari mmoja anaweza kuyabeba akitembea na kikosi. Yaliangusha ndege kadhaa za Amin na kuwatia hofu marubani wake. Lakini kombora hilo hufuata joto la injini tu, nalo joto halina bendera. Zaidi ya hapo, pande zote mbili zilirusha ndege za ukoo wa MiG, na askari aliye chini, jua likimpiga machoni, ana sekunde chache za kutofautisha mabawa yanayofanana.

Mwanzoni mwa vita, huko Musoma, walinzi wa anga wa Tanzania walizitungua ndege za Tanzania. Msiba huo hautajwi sana kwenye masimulizi ya ushindi, nami naona ungestahili kufundishwa kabla ya habari za Saanane. Chombo cha ndege kujitambulisha kwa rada ya wenzake kilikuwepo tangu Vita Kuu ya Pili. Mpigaji mwenye SA-7 begani hana rada ya kukiuliza. Kinga yake ni ratiba: ndege zetu zitapita njia gani, kwa kimo gani, saa ngapi, na mpaka lini hakuna ruhusa ya kufyatua. Ratiba hiyo hutoka kwa jeshi la anga, hupita kwa kamanda wa eneo, halafu humfikia koplo aliye kwenye handaki, na isipomfikia kabla ndege haijatokea haina kazi tena.