Ngitili: Jinsi Shinyanga Ilivyorudisha Miti Yake

Sisi wa Butembo na Beni tumezoea mvua, hata twadhani ukame ni taabu ya nchi za mbali. Lakini vilima vyetu navyo vimevuliwa miti kwa ajili ya mashamba na makala, na udongo wateremka na maji. Yatufaa basi kujifunza historia ya watu walioona nchi yao ikikauka, kisha wakaihuisha.

Hao ni Wasukuma wa Shinyanga, kusini mwa Ziwa Victoria, nchini Tanzania. Tangu zamani walikuwa na desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, na hufunguliwa wakati wa kiangazi, nyasi zinapokwisha kwingineko. Wakati wa ukoloni misitu mingi ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Pamba nayo ikadai mashamba mapya. Katika miaka ya 1970 serikali ikawahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Familia ziliziacha ngitili zao, na nchi ikaelekea kuwa jangwa.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600 tu. Njia iliyozaa matunda ilikuwa kuirudia desturi yenyewe, kwa maana visiki na mizizi vilikuwa hai bado chini ya udongo, vikingoja kulindwa. Mabaraza ya jadi, yaitwayo dagashida, yaliweka sheria na faini, sungusungu wakalinda. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni, asali, dawa na nyasi za kuezekea zilipatikana tena karibu na nyumbani.

Hata hivyo, faida haikugawanyika sawa. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi pana alivuna zaidi. Maskini alitegemea ngitili za kijiji zima, na pale ambapo hazikuwepo alibaki mtazamaji. Miti inaweza kurudi bila haki kurudi pamoja nayo.

Katika kikundi chenu, jadilianeni: Ni desturi gani za wazee wetu zilizolinda vilima na chemchemi? Nani leo ana sauti juu ya ardhi, na kijana asiye na shamba anapata nini?