Kitasa cha mlango wa nje
Kitasa ni kifungio kinachochimbiwa ndani ya ubao wa mlango, tofauti na kufuli, ambalo huning'inia nje kwenye tumbuu likimsubiri mwenye mkasi wa chuma. Vingi vya leo vina silinda ya pini, ufundi ulioboreshwa na Mmarekani Linus Yale Mdogo miaka ya 1860: ufunguo sahihi huinua kila pini hadi kimo chake, ndipo silinda izunguke. Mwizi, hata hivyo, mara nyingi hahangaiki na pini, hupiga teke. Kinachoachia ni mwimo, hasa bamba linalopokea ulimi wa kitasa likishikwa na skrubu fupi. Bora za sentimita 7 hivi, zipenye hadi ukutani. Pwani, chumvi hula springi. Ufunguo ukianza kukwama, pulizia unga wa grafiti. Mafuta ya kupikia hunasa vumbi.