Mbingu ya Kuazima

Katika mwaka wa 1858 kijana wa Kifaransa, Camille Silvy, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, aliielekeza kamera yake kwenye mto Huisne, katika mji wa Nogent-le-Rotrou alikozaliwa. Picha iliyopatikana ni ya shamba na maji. Mto umetulia na miti imejitazama ndani yake. Ukingo mmoja una nyumba na bustani ya watu wenye nafasi, na ukingo wa pili una malisho ya umma walimopumzika wanakijiji. Juu ya wote yametanda mawingu. Mtazamaji huiona kuwa ni saa moja ya alasiri moja. Lakini sivyo ilivyokuwa, kwa maana nchi ilitoka katika kioo kimoja na mbingu katika kioo kingine. Tangu siku hizo hata leo watu wameuliza kama picha ya namna hiyo ni kweli au ni uongo.

Ili kuhukumu kwa haki, yafaa kwanza kujua taabu iliyomsukuma Silvy. Mnamo mwaka wa 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kupiga picha kwa kolodioni. Kioo kilipakwa kolodioni, kikachovywa katika dawa ya fedha, kikatiwa katika kamera kingali kibichi, na picha ikatolewa kwa dawa papo hapo kabla hakijakauka. Mpiga picha wa mashambani alilazimika kuchukua hema la giza na chupa zake za dawa kila alikokwenda. Wahenga wamesema kwamba macho hayana pazia. Lakini kioo cha kolodioni kilikuwa na pazia lake. Kiliuona upesi mno mwanga wa buluu, kikauona kwa uzito mwanga wa kijani, na mwanga mwekundu karibu hakikuuona kabisa. Kama mpiga picha alikipa kioo muda wa kutosha kwa ajili ya majani, anga iliungua ikawa nyeupe tupu. Kama aliupunguza muda kwa ajili ya mawingu, miti na udongo viligeuka giza. Hapakuwa na muda mmoja uliozitosha mbingu na nchi pamoja.

Gustave Le Gray, Mfaransa mwenzake, alikuwa amekwisha kuionyesha njia ya kutokea. Katika baadhi ya picha zake za bahari za miaka ya 1856 na 1857 aliunganisha kioo cha maji na kioo cha mawingu. Lakini bahari humsaidia fundi, kwa kuwa upeo wake ni mstari ulionyoka, na mshono hujificha hapo kwa urahisi. Nchi kavu haina hisani hiyo. Mpaka wake na mbingu ni vilele vya miti, na matawi hayakubali kukatwa kwa mkasi. Tena katika picha ya mto maji yenyewe ni shahidi, kwani huonyesha mwanga wa saa yake, na mbingu ya kuazima haina budi kupatana nao.

Silvy alizishinda taabu hizi kwa kuzikusanya mbinu nyingi katika kazi moja. Karatasi iliyopakwa ute wa yai na kutiwa dawa ya fedha ililazwa chini ya kioo cha nchi na kuanikwa juani, sehemu ya anga ikiwa imefunikwa. Kisha kiliwekwa kioo cha mawingu, na nchi ikafunikwa kwa zamu yake. Baadhi ya sehemu zilizidishiwa jua ili ziive zaidi na kuyavuta macho kuelekea katikati. Pale mbingu na miti zilipokutana, mkono na brashi viliufuta mshono. Hata watu wale wadogo kingoni walipangwa mahali pao na kutulizwa.

Picha hiyo ilionyeshwa Edinburgh mwaka wa 1858, na Paris mwaka wa 1859, ambako mwandishi Louis Figuier aliisifu. Mwaka huohuo mshairi Charles Baudelaire aliandika kwa ukali kwamba upigaji picha ukae mahali pake, uwe mtumishi wa sayansi na sanaa, usijifanye sanaa wenyewe. Hoja ilikuwa nzito. Ikiwa kamera hunakili tu, basi haina usanii. Na ikiwa mpiga picha huchagua na kuunganisha, basi yaweza kusemwa kwamba amekiuka uaminifu wa kamera. Kila upande ulikuwa na mtego wake.

Uingereza iliurithi ugomvi huo. Henry Peach Robinson aliunga picha za maisha ya shamba kwa vioo vingi. Ile ya mwaka wa 1862, ya wasichana wakileta maua ya Mei, ilitumia vioo tisa. Peter Henry Emerson, aliyesomea utabibu, aliipinga njia hiyo. Kitabu chake cha mwaka wa 1886 juu ya maisha ya watu wa maziwa na vinamasi vya Norfolk kilikuwa na picha 40 zilizochapwa kwa platini, na mwaka wa 1889 alitoa kitabu kingine kuitetea picha inayofuata maumbile. Lakini mnamo mwaka wa 1890 aliikana imani yake mwenyewe. Hurter na Driffield walikuwa wameonyesha kwa hesabu kwamba weusi na weupe wa kioo hufuata sheria zisizotii matakwa ya msanii, naye akaamua kwamba upigaji picha si sanaa.

Hapo ndipo penye jambo la kutafakari. Emerson alichukia kushona vioo, lakini wavuna matete wake walisimama kama alivyowapanga. Nao wasafiri wa matembezi waliokuwa wakimiminika Norfolk kwa reli hawakupewa nafasi katika ulimwengu wa picha hizo. Kadhalika katika picha ya Silvy, mpango mkubwa kuliko yote hauko mawinguni. Uko kingoni, kwa matajiri upande huu na wanakijiji upande ule, kila tabaka na ukingo wake. Mpango huo haukuhitaji kioo cha pili. Basi wingi wa vioo si kipimo cha uongo, wala uchache wake si dhamana ya kweli.

Ushahidi mwingine watoka Marekani. Tarehe 1 Novemba 1941 Ansel Adams alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, penye kanisa na misalaba ya makaburi. Hakukiona kipima mwanga chake, akakadiria muda kwa kuujua mng'ao wa mwezi. Negativu ilikuwa moja. Lakini aliisafisha kwa ustadi wa pekee, mwaka wa 1948 akaitia dawa ya kuikoleza sehemu ya chini, na katika nakala za baadaye aliifanya mbingu iwe nyeusi karibu kama usiku. Mbingu hiyo haikuazimwa, lakini hakuna aliyepata kuiona vile kwa macho.

Ya haki ni kuuliza picha yadai nini. Picha ya gazeti au ya mahakamani hudai kuwa jambo fulani lilitokea saa fulani, na mshono ndani yake ni ushahidi wa uongo. Picha ya Silvy yadai tu kwamba jioni ya mto ule yaweza kuwa hivyo, na katika dai hilo ni mkweli. Siku hizi simu ya mkononi huunganisha picha kadhaa kwa kufumba na kufumbua, na aliyeishika mara nyingi hajui kwamba zimeunganishwa. Silvy aliujua kila mshono wake na angeweza kuulizwa. Hiyo ndiyo tofauti iliyo kubwa kuliko ile ya vioo viwili na kimoja, kwa maana kazi isiyo na wa kuulizwa haina pia wa kuithibitisha.