Ukitoka jela utafanya kazi gani?

Nikiwa mwaka wa tatu pale Mlimani alikuja bwana mmoja kutufundisha kuandika CV. Akasema msiache pengo. Kama kuna mwaka hukusoma wala kufanya kazi, eleza. Tulicheka. Wiki iliyopita maneno yale yamenirudia, nikiwa nasoma habari za wafungwa wa Marekani wanaosoma chuo gerezani. Pengo lao laweza kuwa miaka 15, au 20. Mwalimu anayewafundisha namna ya kuchagua kazi anaanzia wapi hapo?

Turudi nyuma kidogo, wadau. Mwaka 1972 Marekani ilianzisha ruzuku kwa wanafunzi wasio na uwezo, baadaye ikaitwa Pell, kwa jina la Seneta Claiborne Pell. Kwa lugha ya Mlimani tuseme ni bumu, ila hili hulirudishi. Wafungwa nao walikuwa wanalipata, na vyuo vikaingia magerezani. Miaka ya 1990 wanasiasa wakaanza kushindana nani mkali zaidi kwa wahalifu. Seneta Kay Bailey Hutchison wa Texas akapigania wafungwa wanyimwe. Eti mtoto wa mlipa kodi anahangaika huku jambazi anasomeshwa bure! Hoja tamu, lakini wafungwa walikuwa wanachukua chini ya asilimia 1 ya fedha zote. Septemba 13, 1994 Rais Bill Clinton akasaini sheria, na madarasa mengi yakafa.

Machache yaliyofuata yaliishi kwa kujitolea na michango. Chuo cha Bard cha New York kina wanafunzi wafungwa tangu 2001, na mwaka 2015 timu yao ya mdahalo iliwabwaga Harvard. Vyombo vya habari vilishangilia sana. Mimi ni mwandishi, naujua utamu wa kichwa cha habari kama kile. Ila mdahalo ukiisha, nani atamwajiri yule mshindi?

Hebu tazama California. Tangu miaka ya 1940 jimbo hilo linatumia wafungwa kuzima moto wa misituni, na kwa miaka mingi ujira wao ulikuwa dola chache kwa siku. Akitoka, akaomba kazi ya zimamoto, mara nyingi anadaiwa cheti cha kuhudumia wagonjwa wa dharura. Na cheti hicho, kwa sababu ya rekodi yake, alikuwa hapewi. Jamani! Kazi uliyofundishwa na serikali yenyewe! Ni Septemba 2020 tu ndipo Gavana Gavin Newsom aliposaini sheria ya kuwaruhusu waombe mahakama iwafutie rekodi.

Desemba 2020 Bunge la Marekani likairudisha Pell kwa wafungwa, ikaanza kutumika Julai 1, 2023. Kanuni mpya zinataka magereza yaangalie kama mfungwa anapata ushauri wa masomo na kazi unaofanana na wa mwanafunzi wa nje. Tena ruzuku hailipii kozi ya kazi ambayo kwa kawaida sheria za jimbo zinamfungia aliyewahi kufungwa. Kwa hiyo mwalimu wa somo hili, kabla ya kuuliza unapenda nini, inabidi afungue kitabu cha sheria.

Nilikubaliana na kanuni hiyo mpaka niliposoma habari za Tarra Simmons wa jimbo la Washington. Alikuwa nesi, akafungwa kwa makosa ya dawa za kulevya na wizi. Alipotoka akasoma sheria, akahitimu 2017. Bodi ya mawakili ikamkatalia hata kufanya mtihani wa uwakili. Akaenda Mahakama ya Juu ya jimbo, Novemba mwaka huohuo akashinda. Mwaka 2020 akachaguliwa kuwa mbunge wa jimbo hilo.

Kabla hajaanza chuo, angekuja kwangu kuomba ushauri, nami nimeshafungua kitabu changu, ningemwambia achague kazi nyingine.