Mtoto wa Miaka Saba na Bweni: Hoja ya Kumrudisha Nyumbani Jioni

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, shule binafsi zinapotangaza usaili wa watoto watakaoanza Januari, wazazi wengi wa mijini nchini Tanzania hujikuta wakiulizana swali lilelile: mtoto aende bweni au asome kutwa? Swali haliwahusu wanafunzi wa sekondari peke yao. Linawahusu pia watoto wa darasa la kwanza na la pili, na hata wa awali, ambao bado wanafungwa vifungo vya shati na mtu mzima. Mwaka 2023 serikali ilitoa jibu lake. Kamishna wa Elimu, Dkt. Lyabwene Mtahabwa, alitoa waraka uliositisha huduma ya bweni kwa watoto wa darasa la awali hadi la nne kuanzia Machi 1 mwaka huo, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sababu mojawapo iliyoelezwa ni kwamba bweni humnyima mtoto mdogo nafasi ya kushikamana na familia na jamii yake.

Waraka huo ulikuwa sahihi, lakini haukuziondoa sababu zinazomfanya mzazi aulizie bweni. Ndiyo maana mjadala unaendelea majumbani, na wapo wanaouona uamuzi huo kuwa usumbufu kwa wazazi wenye kazi. Makala hii inadai kwamba kumweka bweni mtoto aliye chini ya miaka kumi ni hasara ya kielimu, wala si ya kimalezi tu. Yale anayojifunza kati ya saa kumi jioni na saa tatu usiku, nyumbani na mtaani, ni sehemu ya elimu yake ambayo hakuna shule inayoweza kuifundisha kwa niaba ya mzazi. Sababu za wazazi ni za kweli, ila dawa yake si bweni.

Bweni lilikuja kwa kazi gani

Wanaotetea bweni hulitaja kama desturi kongwe iliyolea viongozi wetu. Ni kweli, lakini inafaa kukumbuka desturi hiyo ililenga nini na ilimhusu nani. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 chini ya utawala wa Waingereza, iliwakusanya wana wa machifu ili kuwaandaa kuutumikia utawala huo. Wamisionari nao walijenga mabweni kwa sababu walitaka kuwalea vijana katika imani mpya, mbali na mila za nyumbani kwao. Katika hali zote mbili, kumtenga mwanafunzi na kwao hakukuwa bahati mbaya. Hilo ndilo lililokuwa lengo.

Baada ya uhuru, bweni lilipewa kazi nyingine, tena ya heshima. Kijana wa Songea alipangiwa shule Moshi, wa Bukoba akapelekwa Iringa, wakala ugali wa sufuria moja na kusahau makabila yao. Umoja tunaojivunia ulijengwa kwa sehemu kubwa katika mabweni hayo ya sekondari. Hata hivyo, Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliilaumu elimu tuliyoirithi kwa kuwatenga wanafunzi na jamii ileile wanayoandaliwa kuitumikia. Alisema hayo akiwafikiria zaidi vijana wa sekondari, ambao walikwishalelewa na wazazi wao kwa miaka mingi kabla ya kuondoka nyumbani.

Bweni la mtoto wa miaka sita au saba ni jambo jipya kwa kiasi kikubwa. Lilienea baada ya mageuzi ya miaka ya 1990, pale Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilipoipa sekta binafsi nafasi pana ya kuendesha shule. Kwa hiyo anayesema kwamba sote tulisoma bweni anachanganya mambo mawili. Kijana wa kidato cha kwanza anaondoka nyumbani akiwa amekwishafunzwa. Mtoto wa darasa la kwanza anaondoka kabla ya kufunzwa.

Sababu za wazazi

Haitoshi kumlaumu mzazi. Anayeishi Chanika au Kibaha na kufanya kazi katikati ya Dar es Salaam huondoka alfajiri na kurudi usiku. Basi la shule hupita kuchukua watoto kabla hakujapambazuka, na mtoto husinzia kitini akiwa na kiporo cha usingizi kila siku ya juma. Dada wa kazi huja na kuondoka. Huyu akizoeleka, mwezi unaofuata anarudi kwao, na mama anaanza upya kumtafuta mtu wa kumwachia nyumba na mtoto. Kwa mzazi wa namna hiyo, bweni linaonekana kuwa mahali ambapo mtoto atalala mapema, atakula kwa wakati na atakuwa chini ya macho ya mtu anayelipwa kumtazama.

Kuna pia hofu ya masomo. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na mzazi aliyewahi kuuonja ugumu wa kidato cha kwanza hataki mwanawe aupitie. Anaamini kwamba mtoto akilala na kuamka katika Kiingereza, ataizoea lugha hiyo upesi. Juu ya hapo, kwa miaka mingi matokeo ya mitihani yalitangazwa kama msimamo wa ligi, na shule zilizoshika nafasi za juu zilijitangaza kwa mabango. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa Januari 2023, lakini mazoea ya kuipima shule kwa nafasi yake hayakufutika siku hiyo.

Hoja ya tatu ni maadili. Mzazi anaogopa mtaa: vijiwe, bangi, simu zenye picha chafu, watu wazima wasioaminika. Anaona ukuta wa shule kuwa kinga.

Anachojifunza mtoto jioni

Tuanze na huo mtaa unaoogopwa. Mtazame mtoto wa miaka minane akicheza rede. Wenzake wawili wamesimama huku na huku wakirusha mpira wa soksi. Yeye yuko katikati, anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mpira unapita karibu na sketi yake na ubishi unazuka: umekugusa, haujanigusa. Hakuna mwalimu wa zamu wa kuamua. Wakiendelea kubishana giza litaingia na mchezo utakufa, hivyo mmoja hukubali yaishe, au wanarudia, au anaulizwa aliyekuwa pembeni. Mdogo wao anayeng'ang'ania kucheza anaruhusiwa bila kuhesabiwa, ili asilie. Katika robo saa ile watoto wametoa ushahidi, wamepatana, wameshindwa bila kususa na wamemhurumia mnyonge. Wamefanya hivyo wao wenyewe, bila kengele wala adhabu.

Kisha mtoto anaingia ndani. Anatumwa dukani kununua chumvi na kurudi na chenji kamili. Mgeni akija anampa shikamoo na kumpokea mzigo. Anasikia wazazi wakijadili kodi ya nyumba na kuelewa kwamba fedha ina mpaka. Jirani akifiwa, anaona turubai likifungwa, watu wakiketi mikekani na wanawake wakichemsha chai, na anajifunza kwamba mtu aliyefikwa na msiba haachwi peke yake. Bibi akija kutoka kijijini, anapata hadithi na lugha ya kwao.

Bweni haliwezi kutoa mambo haya hata likiwa na godoro zuri na maziwa kila asubuhi. Ratiba yake imepangwa kwa kengele kuanzia kuamka hadi kuzimwa kwa taa. Watoto ni wa rika moja, watu wazima ni wachache, na matroni mmoja ana watoto wengi wa kuwaogesha, kuwalisha na kuwalaza kiasi kwamba hata akiwa na moyo mwema hawezi kumsikiliza kila mmoja. Mtoto aliyekojoa kitandani hujifunza kuficha shuka. Aliyeonewa na mkubwa wake hujifunza kunyamaza, kwa kuwa wa kumwambia yuko mbali na siku ya kutembelewa haijafika. Wanaosema bweni linafundisha kujitegemea wanaona soksi zilizofuliwa na kitanda kilichotandikwa. Kazi hizo mzazi anaweza kuzifundisha nyumbani kwa wiki chache. Kujitegemea kwa mtoto asiye na wa kumlilia ni jambo lingine kabisa.

Ushahidi wa wataalamu

Suala la mtoto mdogo kutengwa na wanaomlea limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1951 daktari wa akili wa Uingereza, John Bowlby, aliandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani akieleza madhara yanayompata mtoto anayekosa malezi ya karibu na ya kudumu. Mwenzake, Mary Ainsworth, alifanya uchunguzi wake wa kwanza mkubwa hapahapa Afrika Mashariki, katika vijiji vya karibu na Kampala katikati ya miaka ya 1950, na kuuchapisha mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika kuwa mama yupo ndiye aliyethubutu kusogea mbali kuchungulia dunia. Watoto wale walikuwa wachanga, na mtoto wa miaka saba si mchanga. Hatuwezi kuyahamisha matokeo hayo moja kwa moja. Lakini kanuni yake inaonekana hata kwa mwanafunzi: ujasiri wa kujaribu mapya hutokana na uhakika wa pa kurudi.

Kutoka Uingereza, nchi iliyotuachia mtindo wa bweni, mtaalamu wa tiba ya saikolojia Joy Schaverien alichapisha mwaka 2015 kitabu kuhusu watu wazima waliopelekwa bweni wakiwa wadogo. Alieleza watu waliofaulu katika kazi zao lakini wanaona taabu kuonyesha huzuni au kumwamini mwenza. Wale ni watu waliokwenda kutafuta tiba, hivyo hawawakilishi wote waliosoma bweni. Hata hivyo wanatuonya kwamba alama nzuri na nidhamu ya nje si kipimo kinachotosha cha mtoto aliyelelewa vizuri.

Mtu atauliza: je, mababu zetu hawakuwapeleka watoto kwa bibi, kwa shangazi au kwa mjomba? Waliwapeleka, na wengi wetu tunafanya hivyo hadi leo. Lakini kwa bibi mtoto huenda kama mjukuu. Anaitwa kwa jina la babu yake, anakula na binamu zake, na akiugua usiku kuna mtu anayeamka kwa sababu ni damu yake. Malezi ya ukoo humhamisha mtoto ndani ya familia. Bweni humtoa nje yake.

Hoja ya usalama nayo haiwezi kupuuzwa. Septemba 2020 moto katika bweni la shule ya msingi wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, uliua watoto 10. Septemba 2024 moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri nchini Kenya, uliua wavulana 21. Moto unaweza kutokea popote, lakini watoto wadogo wanaolala wengi katika chumba kimoja usiku hawana uwezo wa kujiokoa kama vijana. Kenya yenyewe ilitangaza Novemba 2022 nia ya kuondoa bweni katika darasa la kwanza hadi la tisa, kisha utekelezaji ukalegea. Miaka miwili baadaye, baada ya msiba wa Nyeri, ikaamuru mabweni ya shule za msingi 348 yafungwe.

Wanaohitaji bweni kweli

Wapo watoto ambao kwao bweni ni lazima. Mtoto kiziwi au asiyeona mara nyingi hana shule inayomfaa karibu na kwao. Mtoto wa jamii ya wafugaji katika wilaya kama Longido au Ngorongoro anaweza kuwa mbali mno na shule yoyote. Watoto wenye ualbino walilazimika kukusanywa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, kwa sababu maisha yao yaliwindwa. Kwa watoto hawa kibali maalumu ni haki, na serikali inawajibika kuweka mabweni yenye walezi wa kutosha. Lakini hakuna anayewapeleka kwa kuamini kwamba kukaa mbali na mama ni bora. Wanapelekwa kwa sababu njia nyingine imezibwa.

Tufanye nini

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja haki ya kucheza na kupumzika miongoni mwa mambo ambayo mzazi anawajibika kumpatia mtoto. Kuitekeleza kunadai hatua zilizo ndani ya uwezo wetu. Mzazi achague shule iliyo karibu na nyumbani hata kama haimo katika orodha ya zinazosifiwa, kwa maana saa mbili za usingizi na saa moja ya mchezo zina thamani kubwa kwa mtoto wa darasa la pili kuliko jina la shule. Kuhusu Kiingereza, mtoto anayesoma na kuandika Kiswahili vizuri ana msingi wa kujifunzia lugha nyingine yoyote. Haraka ya kumtoa katika lugha yake humchelewesha. Kuhusu mtaa, mzazi awafahamu rafiki za mwanawe kwa majina, awafahamu na wazazi wao, na majirani wapeane zamu ya kuwaangalia watoto baada ya shule. Mtaa wenye watu wazima wanaojuana ni salama kuliko ukuta.

Shule nazo, badala ya kutafuta vibali, zifungue huduma ya kuwaangalia watoto hadi saa kumi na mbili jioni, wacheze na kula, kisha wachukuliwe kwenda kulala kwao. Waajiri wawape wazazi wenye watoto wadogo unafuu wa saa za kazi. Serikali iujali waraka wake kwa kukagua, na itoe vibali kwa watoto wanaostahili tu.

Wazazi wenzangu, wakati wa bweni upo na utafika. Mtoto akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne, mwenye adabu, mwenye lugha ya kwao na anayejua pa kurudi, mpelekeni mnakotaka. Kabla ya hapo, arudi nyumbani jioni.