Mtihani wa Leta na mtoto anayesoma polepole: haki yake ilitoka wapi?

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Kinsevere, nanyi familia mliokimbia vita, kuna watoto wanaoelewa masomo lakini maandishi yanawashinda. Ukimsomea swali, anajibu vizuri. Ukimpa karatasi, saa inaisha akiwa katikati. Wengine wanamwita mvivu, wengine wanasema amelogwa.

Shida hii haikuanza kwetu. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, William Pringle Morgan, aliandika juu ya kijana wa miaka 14 mwenye akili nzuri na anayejua hesabu, lakini kusoma kulimshinda. Leo hali hiyo inaitwa disleksia.

Hapa Kongo, mtihani wa Leta ulianza mwaka 1967. Shabaha ilikuwa kipimo kimoja kwa nchi nzima, ili mtoto wa kijijini apimwe sawa na yule wa Kinshasa. Muda pia ukawa mmoja kwa wote. Hapo ndipo mtoto anayesoma polepole anaumia: anapimwa mbio ya macho kuliko anachokijua.

Nchi zingine zilirekebisha jambo hili. Ufaransa, ambako sheria ya watu wenye ulemavu ilitoka tarehe 11 Februari 2005, mtahiniwa anaweza kuongezewa theluthi ya muda: mtihani wa saa 3 unakuwa wa saa 4. Tanzania, wenye mahitaji maalum wanaongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 katika masomo mengine.

Na sisi? Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu ulinzi wa pekee. Sheria ya elimu ilitoka tarehe 11 Februari 2014. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kisha ikaja sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda haki hizo.

Lakini sheria haiingii darasani yenyewe. Mzazi, usingoje wiki ya mtihani. Ongea na mwalimu mapema, mwaka unapoanza. Mpeleke mtoto apimwe macho na masikio. Tunza daftari na buletini zake. Kisha umwandikie prefe barua, umwombe aifikishe kwa inspekta: omba muda zaidi, chumba kimya, au mtu wa kumsomea maswali. Baki na kopi yenye muhuri.

Kwa familia zilizohama: mtoto aliyepoteza miaka ya masomo, au anayeanza Kifaransa leo, anaweza kusoma polepole bila kuwa na ulemavu. Huyo anahitaji kwanza kufundishwa kwa subira. Kama buletini zilipotea njiani, mwambie prefe wazi, ili mwalimu aanze kuandika upya maendeleo yake.

Kumwongezea mtoto dakika si kumpa majibu. Ni kumwachia nafasi aandike yale anayoyajua.