Usalama wa Gari Dogo katika Barabara ya Biharamulo na Ngara

Mwaka 1959 magari ya Volvo yalianza kufungwa mkanda wa ncha tatu uliobuniwa na mhandisi Nils Bohlin, yaani mkanda unaopita begani na kiunoni, na mwaka huohuo Mercedes-Benz ikatoa gari la kifahari ambalo mbele na nyuma yake hubonyea ili kumeza kishindo cha mgongano. Kinga hizo, ingawa zina thamani kubwa, hazikumtosha msafiri wa Biharamulo na Ngara, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, baada ya Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa takriban siku moja na kupiga kambi Benaco. Silaha zilizozagaa kutokana na vita vya nchi jirani ziliwapa majambazi nguvu ya kuteka magari porini, na si haki hata kidogo kuwatwika wakimbizi kwa jumla lawama hiyo. Ndipo ukazoeleka msafara: mabasi, malori na magari madogo yalisubiriana, kisha yakaondoka pamoja yakisindikizwa na polisi wenye bunduki, na gari la kifahari, lililolazimika kunyata kwenye mashimo kwa kuwa tumbo lake li karibu na ardhi, lilitegemea ulinzi uleule wa lori.